Wachezaji wakinyamaza baada ya kukosolewa: mwandishi afanye nini

Mechi imeisha Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, na wachezaji wanakupita kimya kwa sababu ya ulichosema redioni juzi. Usimfukuzie mchezaji na kinasa sauti hadi kwenye basi. Akijibu kwa hasira utapata sentensi moja ya matusi, kisha umpoteze msimu mzima.

Anza na ofisa habari wa timu. Muulize ni sentensi ipi hasa iliyowaudhi, halafu isikilize upya. Ulikosea jina, dakika au aliyesababisha bao? Sahihisha siku hiyohiyo, katika kipindi kilekile. Kama ni maoni yako tu, usiombe radhi. Mpe mchezaji dakika 2 hewani ajibu bila kukatizwa.

Wakishikilia msimamo, omba msemaji mmoja. Italia walifanya hivyo Kombe la Dunia 1982: kikosi kilinyamaza, nahodha Dino Zoff akasema kwa niaba ya wote, na kombe wakalitwaa. Majibu huwa mafupi, hivyo andaa maswali 3 ya uwanjani tu: mabadiliko, kona iliyozaa bao, majeruhi.

Hewani sema "hawakutaka kuzungumza", usiongeze "wamekimbia".