SOMO: Faulo tu, njano au nyekundu? Refa anavyopima

Kila wiki naulizwa: "Kama ni penalti, mbona kadi ni njano?" Naandika mara moja.

1. Mpira ulikuwa mchezoni? Kama ulishasimama, hakuna faulo, ila kadi unaweza kutoa.

2. Kukwatua, kusukuma, kushika: mpira wa adhabu wa moja kwa moja (mpigaji anaweza kufunga bila mwingine kuugusa), ndani ya boksi la mkosaji, penalti. Mchezo wa hatari bila kugusana: usio wa moja kwa moja, refa mkono juu.

3. Uzembe: faulo tu. Kutojali usalama wa mwenzake: njano. Nguvu za kupindukia: nyekundu.

4. Amenyima bao la wazi? Hapa nimewahi kuboronga, someni taratibu. Pima mambo manne: umbali hadi golini, mwelekeo wa shambulizi, kama mshambuliaji angeumiliki mpira, idadi ya mabeki na walipo. Moja likipungua, nafasi si ya wazi. Nje ya boksi ni nyekundu. Ndani, kama beki aliuwania mpira, ni penalti na njano (tangu 2016). Akivuta jezi, akisukuma, au mpira hakuweza kuufikia kabisa, ni penalti na nyekundu. ONYO: mkono usiende mfukoni pamoja na filimbi. Puliza, onyesha penalti, pitia manne hayo kichwani, ndipo kadi. ONYO la pili: angalia kitabu, njano hiyo ikiwa ya pili kwake, anatoka.

5. Andika namba, dakika na kosa.

MASWALI

– Mkuu, yule alikuwa beki wa mwisho. Njano ya nini?
Hatua ya 4. "Beki wa mwisho" hayumo kwenye sheria.

– Lakini aligusa mpira kwanza!
Kugusa mpira hakufuti daluga zilizotua kwenye ugoko. Nimeandika "nguvu", sijaandika "nani kagusa kwanza".

– Mwalimu, refa akiacha mchezo uendelee na bao likaingia, kadi inabaki?
Swali zuri sana. Aliyetaka kunyima bao la wazi anapata njano, kwa sababu bao limepatikana. Aliyekatiza shambulizi la kawaida lenye matumaini hapati kadi. Rafu ya kutojali inabaki njano, mpira ukisimama. Rafu ya nyekundu usiiache ipite, isipokuwa kuna nafasi ya wazi ya kufunga. Na mkosaji akiugusa mpira kabla hujamtoa, simamisha, mtoe, anza na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.

– Na kunawa (kucheza mpira kwa mkono) ndani ya boksi?
Kwa makusudi, akazuia bao: nyekundu. Akazuia bao bila kukusudia, tangu 2024: penalti na njano.

– Nje ya mada: kipa anayekumbatia mpira?
Tangu Julai 2025, zikipita sekunde 8 ni kona. Tano za mwisho refa anazihesabu kwa vidole, mkono juu.

– Nyongeza kwa marefa wapya: njano mfuko wa shati, nyekundu mfuko wa nyuma wa bukta. Hutachomoa isiyo yenyewe.
Ahsante, dada. Na penseli mbili. Kalamu ya wino hugoma mvua ikinyesha.