Jinsi ya kulinganisha magazeti ya Uingereza: nani analimiliki na limeegemea wapi

Mwongozo huu ni wa yeyote anayekaa kwenye dawati la habari za kimataifa na kila asubuhi anakutana na habari "kutoka magazeti ya Uingereza". Nilimwelekeza hivi mwenzetu mpya aliyejiunga na dawati letu, nikaona heri niuandike ili na wengine wautumie.

Jambo moja kwanza. BBC na vituo vingine vya televisheni na redio vya Uingereza vinabanwa na kanuni za kutopendelea upande, na msimamizi wake ni Ofcom. Magazeti hayabanwi hivyo. Gazeti lina ruhusa ya kuwa na chama, na mengi yanacho. Kwa hiyo hatutafuti kulikamata gazeti likipendelea. Tunachotaka kujua ni linampendelea nani, kwa kiasi gani, na kama mmiliki ana mkono hapo.

Hatua ya 1: Jedwali

Fungua jedwali la kawaida kwenye kompyuta: gazeti, mmiliki, mhariri, chama lilichounga mkono katika kila uchaguzi, na tarehe uliyohakikisha. Toleo la kila siku na la Jumapili yapewe mistari tofauti hata kama majina yanafanana. Sababu utaiona hatua ya 3.

Ile michoro iliyo tayari mtandaoni, inayopanga magazeti kutoka kushoto hadi kulia, sikushauri kuitumia. Inakupa jibu bila kukuonyesha limepatikanaje, na mhariri wako akikuuliza huna la kumwambia.

Hatua ya 2: Mmiliki

Hii ni nyepesi. News UK ina The Sun, The Times na The Sunday Times, nayo iko chini ya News Corp ya Marekani. DMGT ya Lord Rothermere ina Daily Mail, Mail on Sunday, Metro na, tangu 2019, The i Paper. Reach ina Daily Mirror, Daily Express na Daily Star pamoja na matoleo yao ya Jumapili, na hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la London. The Guardian liko chini ya Scott Trust, iliyoanzishwa 1936. Financial Times ni la Nikkei ya Japani, iliyolinunua kutoka Pearson mwaka 2015 kwa pauni milioni 844. The Independent halichapishwi kwenye karatasi tangu 2016. Morning Star ni la ushirika.

Kuhakikisha, ingia kwenye daftari la Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza, ni bure. Tafuta jina la kampuni inayochapisha, lile lililo kwenye maandishi madogo chini ya tovuti, kisha fungua sehemu inayotaja wenye udhibiti mkubwa. Ukikuta ni kampuni nyingine, ifuate nayo mpaka ufike kwa binadamu au nje ya nchi. Angalia kura, si wingi wa hisa peke yake: News Corp ina hisa zenye kura na zisizo na kura, ndiyo maana familia ya Murdoch imekuwa na sauti kubwa kuliko mali yake ndani ya kampuni. Septemba 2025 familia hiyo ilimaliza mgogoro wake na udhibiti ukabaki kwa Lachlan, mwana wa Rupert Murdoch.

Usisahau tarehe. The Observer lilitoka mikononi mwa wenye The Guardian likaenda Tortoise Media mwaka 2025. Telegraph ndilo la kuangaliwa zaidi: ndugu wa Barclay walilinunua 2004, benki ya Lloyds ikalishika 2023 kwa sababu ya deni, mfuko wenye fedha za Abu Dhabi ukalipa deni hilo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia dola za kigeni kumiliki magazeti. Wanunuzi wamekuja na kuondoka tangu hapo. Hakikisha upya kila unapoliandika.

Hatua ya 3: Msimamo katika kura

Magazeti hutangaza waziwazi, kwa tahariri, chama yanachounga mkono. Jaza safu hiyo kuanzia 1992. Mirror utalikuta na Labour, chama cha mrengo wa kushoto, mfululizo. Daily Mail na Telegraph, Conservative, chama cha wahafidhina. The Sun ndilo linalohama: Conservative 1992, Labour ya Tony Blair 1997, likarudi Conservative kuanzia 2010, kisha likamuunga mkono Keir Starmer wa Labour siku moja kabla ya uchaguzi wa Julai 2024.

Sasa weka safu ya mmiliki kando ya safu ya kura. Mirror na Express wana mmiliki mmoja, Reach, lakini moja ni la Labour na jingine la Conservative. Katika kura ya maoni ya 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya, Daily Mail lilitaka kutoka na Mail on Sunday likataka kubaki, yote ya Rothermere. The Times lilisema tubaki, The Sun na The Sunday Times yakasema tutoke, yote ya Murdoch. Na Aprili 30, 2015, The Sun la London lilimchora David Cameron, waziri mkuu wa Conservative wakati huo, kama mtoto mchanga aliyezungushiwa blanketi na kuwaomba wasomaji wampe kura, huku siku hiyohiyo toleo lake la Uskoti likimpamba Nicola Sturgeon wa SNP, chama kinachotaka Uskoti ijitenge, kama shujaa wa sinema. Vyama viwili vinavyopingana, jina moja la gazeti, mmiliki mmoja. Kwa hiyo kumjua mmiliki hakukupi msimamo wa gazeti. Msomaji ni nani, mhariri ni nani, na gazeti linauzwa wapi, vyote vinavuta kamba.

Hatua ya 4: Siku moja, tukio moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanapopotea.

Chukua tukio moja la kisiasa na kurasa za mbele za asubuhi iliyofuata. Tumia picha ya ukurasa wenyewe, usitumie tovuti. Tovuti hubadilisha vichwa vya habari mara kadhaa kwa siku, na ile ya Daily Mail imezoea kufuata wasomaji wa nchi nyingi, si wa Uingereza tu. Picha za kurasa za mbele huwekwa mtandaoni kila usiku, na maktaba nyingi zina PressReader, huduma ya kusomea magazeti kwenye kompyuta.

Kisha tenga vitu vitatu: habari, tahariri, na makala ya maoni. Mwandishi mgeni wa maoni katika Guardian, gazeti la mrengo wa kushoto, anaweza kuwa mhafidhina. Kumhesabu kama sauti ya gazeti ni kosa kubwa. Tahariri ndiyo sauti ya gazeti.

Baada ya hapo, jihadhari na PA Media. Ni shirika la habari linalouzia karibu magazeti yote, kwa hiyo habari fupi mara nyingi ni nakala ileile. Ukilinganisha hizo utaamini magazeti yanakubaliana, kumbe unasoma mwandishi mmoja. Nakili sentensi moja ya katikati, iweke kwenye alama za kunukuu, itafute. Ikitokea kwenye magazeti manne, itoe kwenye ulinganisho, isipokuwa kichwa chake, maana hicho kila gazeti huandika lenyewe.

Yaliyobaki, soma kwa maswali haya: imewekwa wapi, nani amenukuliwa kwanza, nani hakunukuliwa, na watu wanaitwa nani. Mfano mzuri wa kuanzia ni Novemba 4, 2016. Siku moja kabla, Mahakama Kuu ilisema serikali haiwezi kuanza kujitoa Umoja wa Ulaya bila idhini ya Bunge. Daily Mail lilitoka na picha za majaji watatu wenye mawigi na maneno "Maadui wa Wananchi". Telegraph likaandika "Majaji dhidi ya wananchi". Mahakama ilizungumzia mamlaka ya Bunge, bali wasomaji wa asubuhi ile walipewa ugomvi kati ya majaji na wao.

Ukimaliza, jaribu mpango wa serikali ya Uingereza wa wakati huo wa kupeleka waomba hifadhi Kigali, Rwanda, hasa Novemba 16, 2023, asubuhi baada ya Mahakama ya Juu kuuharamisha. Unatuhusu, na utaona pia Rwanda yenyewe ilivyoelezwa: nani aliyemnukuu Mnyarwanda hata mmoja, na nani aliyeitaja Kigali kama jina tu la mahali pa kupeleka watu.

Hatua ya 5: Kuandika

Usiandike "magazeti ya Uingereza yanasema". Taja gazeti, na pale msimamo unapogusa habari, utaje. Kwa mfano: "Gazeti la Daily Telegraph, ambalo kwa miaka mingi limekiunga mkono chama cha Conservative, limeandika katika tahariri yake kuwa…" Na kama ni maoni ya mtu, mtaje mtu.