Namna ya kuandika maisha ya koko wako mbele ya siku ya matanga

Kwetu huku Goma mutu akikufa, siku ya kuzika kuna mujukuu mumoja anapewa karatasi asome mbele ya watu: alizaliwa kuelekea 1936, akaolewa, akazaa watoto 9, akaacha wajukuu na vitukuu, Mungu amupokee. Dakika mbili, imeisha. Mimi njo nilisoma ile karatasi ya koko yetu (bibi yetu) wa Minova, na nilipomaliza mama muzee mumoja kule nyuma ya hema akauliza kwa sauti, "Na Kalemie je?" Watu wakageuka. Mi sikukuwa najua kitu yoyote ya Kalemie, ule muji wa kando ya ziwa Tanganyika.

Basi naandika hii juu wewe usipate ile haya.

Kwanza, anza akiwa muzima, na usianze na simu mukononi. Ukimukalisha koko kwenye kiti na kumuambia "koko, tueleze maisha yako" atakujibu maisha ni magumu mutoto wangu, Mungu njo anajua, na hapo imefika mwisho. Nenda umukute anachambua maharagi, vuta kiti, chambua naye. Mikono ikiwa na kazi mudomo inafunguka. Siku ya pili au ya tatu njo unamuomba ruhusa ya kurekodi, unaweka simu karibu naye, unazima reseau ili mutu asipige katikati, na unachaji mapema juu umeme yetu munaijua. Halafu chagua siku hawatwange sombe (majani ya muhogo), mimi niko na rekodi moja ya shangazi yangu ya nusu saa na ni mutwangio tu, tu, tu.

Usiulize mwaka. Wazee wetu wengi karte yao imeandikwa "kuelekea" mwaka fulani, na hata huo mwaka ni karani aliangalia sura akakisia. Uliza vitu vya njia: ulipanda meli ao lori, ulilala kwa nani, ulilipa na pesa gani, muji ulikuwa unaitwa jina gani ile wakati. Mwaka utaupata wewe mwenyewe. Akisema Costermansville ni Bukavu ya wakati wa Wabelgiji, mbele ya uhuru wa 1960. Akisema Albertville, ni Kalemie ya zamani. Vita ya Mulele, ile ya waasi, huku kwetu ni 1964, na kama anakumbuka Schramme na wazungu wake, wale mamluki, wamekalia Bukavu, hiyo ni kuanzia Agosti mupaka Novemba 1967. Alilipa na makuta, zile senti za zaire? Basi ni kisha 1967, pale pesa ya zaire iliingia. Serikali ya Mobutu ilimukataza jina la ubatizo, ni 1972. Volkano nayo inasaidia sana lakini uliza ni gani, juu Nyiragongo ilitoka Januari 1977, ikatoka tena Januari 2002, ikatoka Mei 2021, na mutu wa miaka 85 anaweza kuzichanganya zote tatu kwenye hadisi moja.

Tena pima unachoambiwa, bila kumugombeza. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika koko alianza kuuza sambaza, wale samaki wadogo, akiwa mutoto wa miaka 10. Haiwezekani! Sambaza haikukuwa kwenye ziwa Kivu, waliileta kutoka Tanganyika karibu na 1959, na ile wakati koko alikuwa tayari mwanamuke wa mutu. Kumbe kama mutoto alikuwa anauza ndizi, sambaza ilikuja kisha. Hakuna mutu alinidanganya, ni mimi nilisikiliza mbiombio.

Swali lenye linazaa kuliko yote ni hili: "Ukienda, nani alibaki na watoto?" Sisi tunapenda kuandika mama kama mutu wa jikoni tu, watoto 9, bugali, misa, lakini mwanamuke wa hapa mwenye alipanda meli na magunia lazima alimuachia mutu nyumba, na huyo mutu, wifi yake ao mudogo wake, njo shahidi wako wa pili. Muendee. Atakueleza hata yale koko alificha, na bwana alisema nini, juu usisahau ile sheria ya familia ya 1987 ilidai mwanamuke wa ndoa aombe ruhusa ya bwana kwa mambo mingi ya karatasi, mupaka ilipobadilishwa 2016. Kuna koko walitoka na ruhusa, kuna wenye walitoka alfajiri.

Ya vita, kuanzia 1996, usivute. Akiitaja, sikiliza, akinyamaza, rudia maharagi. Na uliza wazi kama hiyo inaandikwa ao inabaki kwenu wawili.

Kuandika yenyewe ni kazi ndogo. Fuata safari zake, ndoa na vizazi viingie njiani. Kisha musomee, atakukosoa na atacheka. Tuma kopi ya rekodi kwa ndugu wawili wa miji mbalimbali, simu huku zinaibwa.

Mimi ilibidi nifanye kinyume, kisha matanga. Nilimufuata yule mama muzee kwake Sake na kilo mbili za sukari. Akaniambia walitoka wawili na koko, magunia matatu ya maharagi, Bukavu, kisha lori mupaka Uvira, na walipofika Uvira pesa ikafa, yaani serikali ilifuta noti za 5 na za 10 zaire, mwisho wa Desemba 1979. Wafanyabiashara wanalia barabarani. "Sisi hatukukuwa na noti, tulikuwa na maharagi, na maharagi haikufa." Wakapanda meli Kalundu, bandari ya Uvira, wakashuka Kalemie, wakauza kwa kubadilisha vitu na vitu, na koko akarudi na mashini ya kushona kichwani.

Ile mashini iko kwetu mupaka leo, chini ya dirisha. Mama yetu alishona juu yake inifome zetu zote. Sisi wote tulikuwa tunasema koko mwanaume njo aliinunua.