Siku ya ekstra kwenye shutingi ya tamthilia: mwongozo kwa watu wa Mbeya

Timu za tamthilia zikipanda kuja huku Nyanda za Juu, waigizaji wakubwa huja nao kutoka Dar es Salaam. Wachuuzi wa sokoni, abiria wa stendi na waombolezaji wa msibani wanatafutwa hapahapa. Hao ndio ekstra. Huna mstari wa kusema, lakini msipokuwepo, soko la Mwanjelwa linaonekana kama limefungwa kwa ukaguzi. Siku hizi mimi ndiye napewa kazi ya kukusanya watu, na haya ndiyo ninayowaambia wageni.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kukubali

Uliza posho ni kiasi gani, inalipwa siku hiyohiyo au baadaye, chakula kipo au hakipo, na kama mkimaliza usiku mnarudishwaje. Majibu yaje kwa meseji, si kwa mdomo tu. Uliza pia utakuwa nani kwenye sini, yaani kipande cha hadithi kitakachopigwa. Kukaa baa na chupa mezani si kosa, ila ni vizuri mama mkwe asikie kwako kabla hajakuona kwenye runinga.

Ukiambiwa utoe "ada ya usajili", achana nao. Ekstra analipwa, halipi. Na uliza kama wana kibali cha Bodi ya Filamu. Mambo hayo yana sheria yake tangu mwaka 1976. Wewe hutakikagua hicho kibali, ila mtu akikasirikia swali hilo, umeshamjua.

Hatua ya 2: Nguo

Beba seti mbili au tatu, wachague wenyewe. Acha nyumbani nyeupe ya kung'aa, jezi za Simba na Yanga, na chochote chenye nembo kubwa kifuani. Mashati ya mistari myembamba pia yaache: kwenye kamera mistari ile huonekana inatetemeka.

Halafu kuna baridi. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Hiyo unaijua. Usichokijua ni kwamba hadithi inaweza kuwa ya mji wa joto. Utasimama na kishati cha mikono mifupi, umepuliziwa maji usoni yaonekane jasho, huku mvuke unakutoka mdomoni kama birika. Dawa yake ni kunyonya kipande cha barafu kabla kamera haijaanza. Mdomo ukipoa, mvuke unapungua. Ndio, barafu, Mbeya, Julai. Ndani vaa taiti na fulana isiyoonekana shingoni, na sweta kubwa liwe karibu la kujitupia kati ya teki na teki, yaani kila mara kamera inaporekodi. Kama ni Tukuyu, ongeza gambuti na nguo ya kubadili, maana mvua ya kule haiombi ruhusa.

Hatua ya 3: Kuripoti

Mkiambiwa saa kumi na moja alfajiri, ni saa kumi na moja. Wanataka mwanga wa jua linapochomoza, na Juni huku linachomoza karibu na saa moja. Kabla ya hapo watu wapangwe na kamera ifungwe mahali pake. Msalimie msaidizi wa mwongozaji na umuulize yeye kila kitu. Mwongozaji mwenyewe mwache. Andikisha jina, kwa sababu posho inafuata orodha. Zima simu. Kunywa chai, kula chapati, kaa mlipoelekezwa. Utasubiri sana, na ukitoka kwenda "hapo tu" ndipo utaitwa.

Hatua ya 4: Kamera ikiwaka

Hapa ndipo ekstra mzuri anajulikana. Utapewa kitendo kidogo: nunua viazi kwa yule mama. Mnaongea bila sauti, kwa sababu maiki inatafuta maneno ya waigizaji wakuu tu. Kelele za soko hurekodiwa kivyake na kuwekwa baadaye. Usichezeshe midomo hovyo. Ongea maneno ya kweli, uyameze sauti: "Shikamoo mama, sado shilingi ngapi leo?" Naye akujibu hivyohivyo.

Kamera usiitazame. Staa naye usimtazame. Kwako wewe ni mpita njia tu. Ukiambiwa upite karibu na kamera, punguza mwendo, kwa sababu ukiwa karibu nayo utaonekana unakimbia.

Sasa kubwa kuliko yote: kurudia. Sini moja itapigwa kutoka mbali, kisha mgongoni kwa dada mwigizaji mkuu, kisha usoni kwake, na kila upande teki kadhaa. Baadaye vipande vinaunganishwa vionekane ni dakika moja. Kama kwenye kipande cha kwanza mfuko uko mkono wa kushoto na cha pili uko kulia, mtazamaji ataona unaruka. Kwa hiyo funga vitendo vyako kwenye maneno ya mwigizaji. Akisema "Baba yuko wapi?" unainama. Akisema "Sijui," unachukua kiazi kwa mkono wa kulia. Akigeuka, unatoa pesa. Vitendo vitatu vinatosha. Wanaojitungia vitendo saba ndio wanaovisahau, na mwenye kufuatilia mwendelezo ana picha za teki iliyopita, atakukamata.

Pia usipoteze pesa, chakula wala viazi vya kuigizia. Mara moja tulitumia mchuuzi halisi na meza yake. Katikati ya teki akapita mteja, naye akampimia sado bila wasiwasi. Mwongozaji akasema "Kata!" Mama akamjibu, "Mwanangu, huyu ameleta hela." Tulirudi mwanzo, na meza ikabidi ijazwe viazi upya vilingane na vya awali.

Kwenye sini ya msiba, usilie kumzidi mfiwa.

Hatua ya 5: Kuondoka

Rudisha nguo na vifaa vyao kabla ya kupanga foleni ya malipo. Karatasi ya ridhaa ya kutumia sura yako isome yote, hata kama wana haraka. Kama malipo ni kwa simu, subiri meseji ya mtandao iingie ukiwa palepale. Picha za lokesheni usizirushe mpaka tamthilia itoke.

Na kama umeambiwa urudi kesho kuendelea na sini ileile: usinyoe, usisuke upya, viatu vyenye tope usivioshe, na lile shati usilifue hata mama akikugombeza.