Kumtambua funza wa pua kwa vinasaba, kuanzia machinjioni

Sampuli nyingi za funza huharibika kabla hazijafika maabara. Funza aliyeachwa kwenye ndoo juani, katika joto la Mwanza, hugeuka mweusi na DNA yake hukatikakatika.

Omba vichwa vya mbuzi na kondoo mara vinapotengwa na mzoga. Vipasue katikati kwa msumeno, kutoka puani hadi utosini. Funza wachanga wa Oestrus ovis, inzi wa pua wa kondoo na mbuzi, wana urefu wa milimita moja hivi na hujibana kwenye vifupa vilivyojikunja ndani ya pua; wasuuze juu ya trei nyeusi, la sivyo hutawaona. Wakubwa, wa milimita 20 hadi 30, tafuta kwenye uwazi wa mfupa wa paji la uso.

Watumbukize sekunde 30 kwenye maji yanayokaribia kuchemka, kisha kwenye ethanoli ya 96%. Joto hulemaza vimeng'enya vinavyokata DNA, na funza hubaki amenyooka. Ethanoli iwe mara 10 ya ujazo wa funza, na ibadilishwe kesho yake kwa kuwa maji ya mwilini huizimua. Konyagi ina kilevi cha 35% tu, haitoshi. Fomalini usiiguse kabisa: huifungamanisha DNA na protini. Lebo iandikwe kwa penseli na kuwekwa ndani ya kichupa, maana ethanoli hufuta wino.

Kwa mifugo inayochungwa karibu na Serengeti, upande wa Busega na Bunda, umakini uongezeke. Nyumbu na kongoni hubeba funza wa Gedoelstia, inzi wa jamii hiyo hiyo, ambaye jike wake huweka funza machoni mwa mnyama. Akiingia kwa kondoo au mbuzi, funza huyo hupotea njia, habaleghi, na jicho linaweza kuvimba hadi kutokeza nje. Akiwa mchanga hivyo, umbo lake humchanganya hata mzoefu. Vinasaba ndivyo vinavyoamua. Sampuli za wanyamapori zinahitaji kibali kupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania). Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikitoka puani au njia ya haja usipasuliwe kamwe: huenda ni kimeta. Toa taarifa kwa daktari wa mifugo.

Maabara, kata miligramu 20 za nyama ya katikati ya mwili bila kugusa utumbo, kwani una DNA ya mnyama na bakteria. Kausha ethanoli yote. Ikibaki huzuia PCR, njia ya kuzidisha nakala za kipande cha DNA. Yeyusha kwa proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini, usiku kucha kwenye nyuzi 56, kisha safisha DNA kwa seti ya kawaida ya vitendanishi (kit).

Lenga jeni ya COI, inayotumika kutofautisha spishi, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) LCO1490 na HCO2198. Mchanganyiko wa mikrolita 25: masta miksi (mchanganyiko tayari wa vitendanishi vya PCR) 12.5, kila praima (mikromola 10) 1, DNA 2, maji 8.5. Anza nyuzi 94 kwa dakika 3. Kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, 50 sekunde 45, 72 dakika 1. Kwenye jeli tarajia mstari wa besi kama 710. Kila mara weka pia kichupa cha maji badala ya DNA; kikionyesha mstari, tupa matokeo yote.

Soma mfuatano pande zote mbili, kisha ulinganishe na GenBank na BOLD, hifadhidata za mifuatano ya DNA. Ulinganifu wa 99% ni jibu zuri. Ukishuka chini ya 97% usimpachike jina la spishi iliyo karibu; funza wengi wa wanyamapori wa Afrika hawamo kwenye hifadhidata hizo. Kwa ajili hiyo usikate kamwe sehemu ya nyuma ya mwili: vibamba viwili vya matundu ya kupumulia vilivyopo hapo ndivyo mtaalamu wa inzi ataanza kuviangalia.