SOMO: Printa ya picha imeandika Fatal Error? Isikilize kwanza kabla hujanunua hedi

Habari zenu wadau. Hili somo naliandika leo kwa sababu wiki hii peke yake wameniuliza watu watatu, wote wanapiga picha za pasipoti nyumbani na printa ndo inawaweka mjini, na mmoja alishaambiwa anunue hedi mpya (kile kichwa kinachotembea na kurusha wino kwenye karatasi) ambayo bei yake inakaribia kununua printa nzima. Inaniuma kwa sababu na mimi yalinikuta. Nina printa ya wino sita, ya matangi, Jumapili jioni nina picha za wanafunzi 14 za kukabidhi kesho yake asubuhi, nawasha tu hedi ikatoka krrrr ikaenda kushoto ikajigonga paa! taa zikawaka zote na kwenye kioo ikaandika fatal error. Fundi akaiangalia dakika mbili akasema hedi imekufa. Usiku nikaifungua mwenyewe na tochi ya simu, nikakuta doa la grisi na wino limeganda kwenye mkanda wa plastiki, doa lenyewe dogo kama punje ya choroko. Nikafuta, nikawasha, ikaprinti mpaka saa saba usiku.

Sasa huo ujumbe maana yake nini. Printa haisemi kwamba imekufa, inasema nimetaka kufanya kitu nikashindwa kwahiyo nimejizima nisiharibu zaidi. Ukiiwasha, hedi inatembea toka upande mmoja mpaka mwingine kujua mwisho wa njia uko wapi, na inajua ilipo kwa kusoma mistari midogo sana iliyochorwa kwenye mkanda mwembamba unaopita nyuma yake, ndani ya inchi moja kuna mistari zaidi ya mia. Ikikosa kuisoma, au ikikwama njiani, inakuandikia fatal error hiyo hiyo moja, ndo maana sababu zinakuwa nyingi na ujumbe mmoja.

HATUA YA 1. Isikilize. Zima kwa kitufe, chomoa waya ukutani, subiri dakika tano, rudisha, washa ukiwa umefungua mfuniko na macho yako kwenye hedi. Zingine hazitembei mfuniko ukiwa wazi, hiyo utafunga na kutega sikio.
Ikitembea kwa kasi ikagonga pembeni, tatizo ni ule mkanda wa mistari au sensa yake, yaani kijicho kinachoisoma. Ikisimama katikati, sehemu ile ile kila mara, kuna kitu kinaizuia. Isipotikisika kabisa na ujumbe ukaja hapo hapo, hapo ni umeme wa ndani, hedi imepiga shoti au bodi, ile sakiti kuu ya printa. Usiruke hii hatua jamani, ndo inayokuokolea hela.

HATUA YA 2. Tafuta kinachozuia. Mulika tochi kwenye trei ya nyuma, ndani, na chini ya hedi. Karatasi ya gloss, ile ya picha inayong'aa, ikichanika inaacha kona ndogo ngumu kama ukucha na huioni mpaka umulike kwa pembeni. Nimeshatoa shanga ya mtoto, pini ya nywele, na mjusi mkavu kwenye printa ya jirani. Karatasi ivute taratibu kwa mikono miwili, ukiinyofoa kipande kinabaki. Na wale mliofunga matangi ya nje wenyewe angalieni ile mipira myembamba inayopitisha wino, ikichomoka kwenye kishikizo inalegea na kuvuta hedi nyuma kila ikifika mwisho, hii nimekutana nayo mara nyingi sana.

HATUA YA 3. Isogeze hedi kwa mkono. Printa ikizimwa vizuri hedi inajifunga kulia, usiilazimishe. Iwashe, ikianza kutembea chomoa waya ukutani, itabaki nje. Sasa isukume kwa kidole, iende na kurudi bila kukwama. Ikiwa nzito basi reli, kile chuma hedi inachoteleza juu yake, ni chafu, futa grisi ya zamani kwa kitambaa kikavu, weka mpya kidogo tu, kiasi cha kuchafua ncha ya kidole, usiache matone.

HATUA YA 4, hapa tulia kabisa. Ule mkanda. Unaonekana kama plastiki ya kawaida yenye rangi ya moshi kidogo, umevutwa toka kushoto mpaka kulia, upande mmoja umeshikwa na springi. Kwanza hakikisha haujachomoka na unapita katikati ya kale kamfereji nyuma ya hedi, kuna watu wakitoa karatasi mkono unaupiga unatoka nje ya sensa, ndo hedi inakimbia bila breki. Afu chukua kitambaa laini kile cha kufutia miwani, kiloweshe maji kidogo sana, ushike mkanda kwa vidole viwili na kitambaa katikati, futa polepole toka mwanzo mpaka mwisho, ukiisogeza hedi pembeni ukiifikia. Futa na kikavu. Usitumie spiriti, thina wala kiondoa rangi ya kucha, vinaweza kufuta ile mistari na hapo utakuwa umetengeneza ugonjwa mpya. Maji mazuri ni yale ya kuongezea betri ya gari, ila muulize muuzaji vizuri maana kuna maji makali yenye asidi yanauzwa hapo hapo pembeni, hayo hapana kabisa.

HATUA YA 5. Kama haitikisiki. Jiulize siku hiyo ulimwaga wino? Wino ukiingia kwenye ule waya bapa unaoenda kwenye hedi unapiga shoti. Chomoa umeme, mpelekee fundi unayemuamini, na mwambie aipime hedi kabla hajafunga bodi mpya. Hedi yenye shoti ukiipa bodi mpya inaichoma na hiyo, unalipa mara mbili.

Ukimaliza usiiache hedi nje usiku kucha, wino utakauka kwenye matundu. Iwashe, ikipona izime kwa kitufe ijirudishe yenyewe kwenye kifuniko chake.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Yangu inawaka vizuri tu, naprinti picha tatu nne ndo inaandika hiyo fatal error, nikizima na kuwasha inaendelea, tena tatu nne. Natumia gloss ya 4 kwa 6 bila mpaka mweupe.
Jibu: Kaka hapo umejijibu mwenyewe. Picha bila mpaka, printa inarusha wino mpaka nje ya karatasi, ule ukungu wa wino unapanda unakaa kwenye mkanda taratibu. Usafishe kama hatua ya 4. Na angalia karatasi zako kama zimejikunja kona, kona ikinyanyuka inaigonga hedi katikati ya kazi. Zihifadhi zikiwa zimelala kwenye mfuko wake.

Swali: Kuna kijana ananiambia anipakulie programu ya kureseti elfu thelathini itaondoa.
Jibu: Hapana dada. Hiyo programu inafuta hesabu ya wino uchafu, na ile sponji ya ndani inayonyonya huo wino ikijaa printa nyingi zinaandika ujumbe wake mwenyewe unaotaja hiyo sponji. Hedi inayogonga ukutani haiponi kwa programu. Hela yako kaa nayo.

Swali: Shikamoo. Mimi niliweka mafuta ya cherehani kwenye reli, ikawa inateleza vizuri, siku ya pili ndo ikaanza kugonga. Je nimeiua?
Jibu: Marahaba, hujaiua. Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanatembea, yameshafika kwenye mkanda. Futa reli mpaka kitambaa kitoke safi, afu futa mkanda, hapa itabidi urudie mara tatu au nne kwa sababu mafuta hayatoki kwa maji peke yake, weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye hayo maji, malizia na maji matupu. Ukishakauka ndo uwashe.

Swali: Umeme ulikatika katikati ya picha, uliporudi ikaandika fatal error mpaka leo.
Jibu: Karatasi bado iko chini ya rola, angalia kwa nyuma, printa nyingi zina mfuniko wa nyuma unaotoka. Itoe, chomoa waya, subiri, washa. Na usiichomeke ekstensheni moja na friji.

Swali: Nimefuta kwa nguvu mkanda umekatika. Nigundishe na selotepu?
Jibu: Pole sana. Selotepu haifai, sensa ikifika hapo haisomi kitu na itagonga tena. Nenda kwa mafundi ulizia printa mbovu ya modeli ile ile yako, watakuchomolea mkanda wake kwa bei ndogo. Kabla hujaufunga piga picha upande ule wenye springi na uangalie tundu lipi linaingia wapi, ukiugeuza hautakaa.