Jinsi ya Kuchunguza Ajali ya Glaida ya Kijeshi na Kuwatambua Waliofariki

Glaida, yaani ndege isiyo na injini iliyovutwa angani kwa kamba na ndege nyingine, ni ngumu kuifuatilia kwa sababu ajali yake moja huwa imegusa vikosi vitatu: marubani wake, askari iliowabeba, na wafanyakazi wa ndege iliyoivuta. Kila kikosi kiliandika habari zake, na mtafiti anayesoma za kikosi kimoja hupata theluthi ya kisa akidhani amekimaliza.

Tarehe 17 Septemba 1944, glaida ya aina ya Horsa, namba RJ113, ilianguka Double Hills karibu na Paulton, Uingereza, ikiwa safarini kuelekea Arnhem, Uholanzi, na watu wote 23 waliokuwamo wakafa. Wawili walikuwa marubani wa Rejimenti ya Marubani wa Glaida, na 21 walikuwa wahandisi wa kijeshi. Mkasa kama huu hutafutwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London: shajara za vikosi vya nchi kavu vilivyopigana Ulaya ya kaskazini-magharibi mwaka 1944 na 1945 zimo katika fungu la WO 171, na kumbukumbu za skwadroni zilizovuta zimo katika fungu la AIR 27. Wengi hupotea hapa, kwani marubani wa glaida wa Uingereza walikuwa askari wa jeshi la nchi kavu, si wa jeshi la anga. Kwa Wamarekani mambo ni kinyume: marubani wao walikuwa wa jeshi la anga, hata kama abiria walikuwa askari wa miguu.

Tofautisha pia namba ya usajili ya chombo na namba ya chaki iliyoandikwa ubavuni kwa ajili ya operesheni. Askari aliyesimulia baadaye alikumbuka ya chaki, ilhali ripoti ya ajali ilitaja ya usajili, na usipozioanisha unaweza kuhesabu glaida moja mara mbili.

Majina ya marehemu wa Uingereza yatafute katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa kulinganisha tarehe ya kifo, kikosi na makaburi yanayopakana. Usitegemee kaburi peke yake. Katika shambulio la Sisilia, usiku wa tarehe 9 Julai 1943, glaida nyingi ziliangukia baharini, na wengi ambao miili yao haikupatikana wametajwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Cassino, Italia. Kwa Wamarekani, omba faili la marehemu, ambalo hueleza utambuzi wa mwili na mazishi. Ni la thamani zaidi kwa sababu moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya nyaraka ya St. Louis, Marekani, uliteketeza sehemu kubwa ya majalada ya utumishi ya jeshi la nchi kavu.

Usidhani kwamba kila aliyefariki aliuawa na ajali. Novemba 1942, Horsa mbili zilizotumwa Norwei kuhujumu kiwanda cha Vemork cha maji mazito (yaliyotumika katika utafiti wa nyuklia) zilianguka, na waliopona waliuawa na Wajerumani, wengine mara tu baada ya kukamatwa na wengine Januari 1943. Ndiyo maana ni lazima tarehe na mahali pa kifo cha kila mtu vichunguzwe peke yake, hata kama mnara mmoja umewataja wote pamoja.

Kuhusu chanzo cha ajali, magazeti ya wakati wa vita yasomwe kwa tahadhari, maana udhibiti wa habari ulificha mengi. Ajali ya glaida mjini St. Louis ya 1 Agosti 1943, iliyomuua meya wa mji huo William Dee Becker na wengine 9 mbele ya umati, haikuweza kufichika, na uchunguzi uligundua kipande chenye kasoro katika mhimili wa bawa.

Ukifika mahali penyewe nchini Uingereza, usichimbe: sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi, na uchimbaji unahitaji leseni ya Wizara ya Ulinzi.